Kinu, Mdumange na Gari la Mama

Kila siku akitoka shule, Ikram alibisha hodi nyumbani kwao Chanika, mjini Handeni, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwake na alijua fika kwamba ndani hakuna mtu.

"Hodi," alisema. Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nene kidogo, "Karibu."

Akafungua kufuli, akaingia, akavua viatu. Ukimwona mtu anajikaribisha kwake mwenyewe, usimcheke mapema. Kuna nyumba ambazo hodi ikikosa mwitikio, hata kuku uani wanaona aibu.

Nyumba hiyo ilikuwa hivyo tangu mama yake, Mwalimu Maryamu, alipofariki mwaka uliopita. Baba yake, Bwana Sadala, alikuwa bwana shamba. Aliondoka alfajiri na pikipiki ya ofisi kwenda vijijini kuwaona wakulima wa mahindi na ufuta, akarudi jioni mwekundu kwa vumbi kama tofali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Basi, mazungumzo ya siku yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ilikuwa kazi ya redio.

Zamani haikuwa hivyo. Nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati, lilisimama gari dogo la bluu. Mama ndiye aliyeliendesha, lakini baba ndiye aliyelipenda. Kila Jumamosi alilipiga polishi kwa mashine. Haikuwa kazi wala biashara. Ilikuwa raha yake tu, kama wengine wanavyocheza bao. Kwanza aliliosha kwa maji ya kusuuzia nguo aliyoyachuja kwa kitambaa, maana Handeni maji yana heshima yake, hayamwagwi ovyo. Mama alisimama mlangoni akimtania.

"Jamani majirani, njooni mwone mke mwenzangu anavyoogeshwa. Mimi hata kandambili zangu hajawahi kuzifuta."

Baba alikuwa na mashine mbili za polishi, na mama, aliyezaliwa milimani kwa Wasambaa, ndiye aliyezipa majina. Moja ilikuwa nzito. Sahani yake ilizunguka mahali pamoja kwa kasi na kuunguruma kama mashine ya kusaga unga. Hiyo akaiita Kinu. Ya pili ilikuwa nyepesi. Sahani yake ilizunguka huku ikitikisika, haitulii mahali, kama mchezaji ngoma anayetupa mabega. Hiyo akaiita Mdumange, jina la ngoma ya kwao. Kinu kilimaliza kazi upesi. Mdumange ulikula mchana mzima. Baba alichagua Mdumange siku zote, na Ikram hakuwahi kumuuliza sababu. Gari likishang'aa, wote watatu walipanda wakaenda Korogwe kwa mama mdogo Mashavu, wakarudi jioni na ndizi kwenye buti na vicheko ambavyo vilitosha wiki nzima.

Baada ya msiba, baba alilifunika gari kwa turubai. Kinu akakiazimisha gereji, Mdumange akaufungia stoo. Hakuna aliyekwenda tena Korogwe.

Jumanne moja wakati wa chakula, baba alisema, "Jumamosi atakuja mtu kutoka Segera kuliangalia gari. Likimpendeza atalichukua."

Ikram aliacha kutafuna. "Gari la mama?"

"Gari," baba alisema, akaongeza sauti ya redio.

Usiku huo Ikram hakulia. Alipanga. Alijiambia kwamba baba amesahau tu. Akiliona gari linang'aa kama zamani, atakumbuka kila kitu, na huyo mtu wa Segera atarudi na mikono yake mitupu. Lakini ilibidi ling'ae kabla ya Jumamosi.

Alhamisi alasiri mtu alibisha mlangoni. Alikuwa Josefina, mwanagenzi wa kupaka rangi kwenye gereji ya fundi Deogratius, ndani ya ovaroli lililotosha watu wawili. Alikuwa amebeba Kinu begani.

"Hodi hapa kwa wenye nyumba."

"Karibu, dada Josefina. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona leo umenijibu peke yako? Juzi nilipita hapa nikasikia mnaitikiana wawili, nikasema leo Ikram ana mgeni."

Ikram aliinamisha uso, lakini akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki hiyo. Josefina alikaa kizingitini, akamenya chungwa, akampa nusu. Walizungumza habari za shule, za mbwa wa gereji anayeogopa paka, za rangi ya njano ambayo haitoki kwenye kucha. Kisha akasimama. "Mwambie mzee, fundi anashukuru kwa mashine. Na wewe njoo gereji siku moja, usijifungie humu kama mahindi ya mbegu."

Ijumaa baba alikuwa na mkutano wa wakulima, kijiji cha mbali. Ikram alitoka shule mbio, akavuta turubai. Gari lilikuwa jekundu badala ya bluu. Vumbi la Handeni haliombi ruhusa ya turubai.

Alitazama pipa la maji. Lilikuwa limepungua, na maji yale yalikuwa ya kunywa na kupikia. Maji ya kusuuzia hayakuwapo kwa sababu hawakuwa wamefua. Kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya wengi mjini: alichukua tambara kavu, akafuta. Waendesha bodaboda hufuta pikipiki zao hivyo hivyo kutwa, na hakuna aliyewahi kukamatwa.

Halafu akaweka mashine mbili chini, akazitazama. Mdumange ungehitaji mchana mzima, na jua lilikuwa limeshaegemea paa la jirani. Akachagua Kinu.

Kinu kilimvuta mikono kama mbuzi anayekataa kamba. Lakini alipokizoea, boneti ilianza kurudisha mwanga. Ikram aliona bluu ya zamani, akaona mpaka uso wake mwenyewe. Akafurahi, akakandamiza zaidi, akakaa palepale kwenye mkunjo wa boneti ambapo vumbi lilikuwa limeganda. Ghafla akasikia harufu, kama ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko.

Alizima na kuinua mashine. Pale kwenye mkunjo palikuwa na baka la kijivu, kubwa kama kiganja chake. Rangi ilikuwa imekwenda. Kuzunguka baka kulikuwa na mikwaruzo ya duara, utafikiri kuku amechakura juu ya boneti.

Alipaka mafuta ya nazi. Baka likawa baka linalong'aa. Akarudisha turubai, akarudisha mashine stoo, akaingia ndani, na siku hiyo hakula.

Jumamosi asubuhi akaja Mzee Mhina, mfanyabiashara wa pale njia panda ya Segera, na kofia yake nadhifu. Alizunguka gari, akapiga matairi teke dogo la heshima, akafungua milango. Baba alipomalizia kuvuta turubai upande wa mbele, baka likatokea.

"Bwana Sadala," Mzee Mhina akasema taratibu, "umeniita kununua gari au kuja kumjulia hali mgonjwa?"

Baba alipitisha kidole juu ya baka. "Hii ni kazi ya mashine nzito," alisema. "Wiki iliyopita haikuwapo." Akageuka. "Ikram, Josefina alipoleta mashine juzi, alibaki hapa peke yake?"

Sasa mwone Ikram. Mgeni alikuwa anavaa kofia yake, tayari kuondoka. Gari lilikuwa linabaki. Alichokitaka wiki nzima kilikuwa kimemwangukia miguuni, na bei yake ilikuwa neno dogo tu.

"Sijui, baba. Mimi nilikuwa ndani."

Mzee Mhina aliondoka akisema atafikiri. Baba alichukua simu, akampigia fundi Deogratius. Hakupiga kelele. Alisema kwamba binti yake wa gereji amejaribu mashine juu ya gari la watu, kisha akafunika na kuondoka kimya. Alisema asikanyage tena kwake. Halafu akaingia chumbani.

Ikram alikaa kizingitini, mahali palepale alipokula nusu chungwa. Gari lilikuwa limebaki bandani. Alidhani atafurahi. Badala yake nyumba ilikuwa kimya kuliko jana, maana jana angalau palikuwa na mtu mmoja mjini aliyejua jina lake na kumtania.

Baada ya adhuhuri, hodi ikapigwa. Josefina alisimama uani. Hakuwa na ovaroli. Alivaa gauni, na bila ovaroli alionekana mdogo sana.

"Shikamoo, mzee," alimwambia baba, aliyekuwa ametoka. "Fundi amenirudisha nyumbani. Sijaja kugombana. Nimekuja unionyeshe hilo baka, maana nimefukuzwa na sijui nimefukuzwa kwa lipi. Mama yangu ataniuliza, nami nitamjibu nini?"

Baba alinyoosha mkono kuelekea bandani. Josefina alianza kwenda.

"Dada Josefina, usiende," Ikram alisema. Sauti haikutosha, akarudia. "Usiende. Ni mimi. Jana nilikipitisha Kinu. Wewe hukugusa."

Kuku mmoja alipita katikati yao, akaona mambo si yake, akarudi.

"Asubuhi nilikuuliza," baba alisema.

"Nilidanganya. Mzee Mhina alikuwa anaondoka bila gari. Nilitaka aondoke."

"Na jana? Kwa nini ulilishika?"

"Nilitaka ling'ae. Nilidhani likiwa kama zamani hutaliuza." Akafuta pua kwa mkono. "Nilidhani utaongea."

Bwana Sadala alitoa simu mfukoni, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpigia fundi Deogratius. "Nimemsingizia binti wa watu," alisema. "Kosa limetoka kwangu. Jumatatu mimi na mwanangu tutakuja kuwaomba radhi watu wote wa gereji, na Josefina awe yupo." Kisha akamgeukia Josefina. "Mwanangu, nisamehe. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

"Yamekwisha, mzee," Josefina alisema. Akamtazama Ikram. "Wewe bado. Wewe utanilipa machungwa mpaka msimu uishe." Lakini hakutabasamu aliposema hivyo, na Ikram alijua kwamba kazi ya kumrudisha Josefina haijaisha.

Josefina alipoondoka, baba alileta mashine zote mbili na kipande cha bati kuukuu lenye rangi. Aliwasha Kinu, akakikandamiza kidogo, akazima. "Gusa." Ikram aligusa, akaondoa kidole haraka. Bati lilikuwa la moto. Baba akawasha Mdumange kwa muda uleule. "Gusa." Lilikuwa vuguvugu tu.

"Kinu kinazunguka mahali pamoja, moto wote unakusanyika hapo," baba alisema. "Fundi wa kila siku, mwenye mkono uliozoea, atakichukua, na kitamfaa kwa rangi iliyochakaa sana. Mimi na wewe tunaofanya kwa kupenda tu, tunachukua Mdumange. Unachelewa, lakini ukikosea unakupa nafasi ya kusimama. Rangi ni nyembamba kuliko ukucha wako. Ikishakwenda, haifuatwi."

"Kwa hiyo ningechukua Mdumange, ningefaulu?"

"Nao ungekwaruza. Uliosha?"

"Nilifuta kwa tambara kavu. Maji yalikuwa machache."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama gari. "Kila nikirudi nalikuta limesimama pale," alisema, "nadhani mama yako amefika kabla yangu. Ndiyo maana nilitaka liondoke. Nilidhani nikinyamaza na likiondoka, huzuni itapungua." Akashusha pumzi. "Haikupungua."

Ikram alikaa chini kando ya ndoo. Walizungumza juu ya mama mpaka muda wa kupika ulipita, na siku hiyo redio ilipumzika.

Jumatatu asubuhi waliomba radhi gereji mbele ya mafundi wote. Ikram alitamani ardhi impokee, lakini ardhi ya Handeni ni ngumu wakati wa kiangazi, ikamwacha amesimama mpaka akamaliza. Josefina alimpa fagio. "Anza pale," alisema, na safari hii alitabasamu. Kisha Ikram akaenda shule, amechelewa, na barua ya baba mkononi.

Alasiri alirudi nyumbani, akasimama mlangoni.

"Hodi," alisema, akavuta pumzi ili ajijibu.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka uani.

Baba alikuwa amerudi mapema. Kamba ilikuwa imejaa nguo zilizofuliwa, na kando ya gari kulikuwa na ndoo za maji ya kusuuzia, yaliyochujwa kwa kitambaa. Mdumange ulikuwa unangoja juu ya gunia safi.

"Mzee Mhina kapiga simu," baba alisema. "Nimemwambia gari lina mwenyewe. Josefina atalipaka rangi hilo baka, ila ukijua pa kutazama utaliona daima. Acha tulione."

Alimkabidhi kitambaa kilicholowa.

"Mashine haina macho, Ikram. Inasugua kile ulichokiacha juu. Uliacha mchanga, ikasugua mchanga. Mimi niliacha huzuni bila kuiosha, nikakusugua nayo wewe mwaka mzima. Nawe ukaacha uongo, ukamkwaruza Josefina. Osha kwanza, mwanangu. Sema kilichopo, hata kama maji ni machache na kazi itachelewa. Kung'arisha kutakuja baadaye."

Ikram alilowesha boneti, na maji mekundu yakaanza kutiririka kuelekea mizizi ya mpapai.

"Baba," alisema, "ukimaliza hapo, na kandambili za mama zipo stoo. Hazijafutwa."

Bwana Sadala alisimama na ndoo mkononi. Kisha akacheka, kicheko kilichoota kutu kidogo, akasema, "Zilete."