Aliyefunga Ndiye Afungue

Ilianza na harufu ya gunia bichi. Binti mmoja, mwongoza wageni kwenye maonyesho ya mateso ya wakati wa vita, aliisikia alasiri akiwa kazini, akadhani paa linavuja. Alikuwa hoi. Kushinda ukisimulia habari za watu waliong'olewa kucha si kazi ya kumwachia mtu hamu ya chakula. Akawasogeza wageni kwenye benchi la chuma lililoletwa kutoka gereza la zamani.

"Hapa walilazwa kifudifudi," alisema, kisha ikamtoka sauti nzito ya kiume: "Bwana Kicheko, nifungue. Mikono imekufa ganzi."

Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Yeye mwili ulimsisimka. Kicheko ndilo jina ambalo wazee wenzake humwitia baba yake, na baba siku zote alisema vitani alikuwa mtunza stoo.

Tangu hapo sauti haikumpa nafasi. Ikamtoka akiwa kwenye foleni ya mkate, ikamtoka akisukutua mdomo, na ile harufu ikamfuata hadi kitandani, ikalala kwenye mto kama mtu aliyetoka kunyeshewa, hata akawa anaogopa kufumbua kinywa asije akasikia nani yumo.

Akamwita tabibu wa majini, mama mwenye mafua yasiyokwisha. Tabibu alifukiza ubani, akauliza anayesema ni nani.

"Ni jini wa gereza lile," ilijibu sauti. "Aliyefungwa kwenye lile benchi alifia mikononi mwangu, sauti yake nikaibeba. Sitoki kwa moshi. Aliyefunga ndiye afungue."

Binti alimkuta baba sebuleni.

"Baba, kwenye lile benchi ulimfunga nani?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Nimechoka, mwanangu."

"Sote tumechoka, baba. Vaa viatu."

Wakaenda mchana, ukumbi umefungwa, tabibu akiwa nao. Mzee alipiga magoti mbele ya benchi, vidole vikahangaika hewani kama anayefungua kamba, fundo baada ya fundo.

"Alikuwa fundi saa," alinong'ona. "Hakuwa na la kutueleza. Tulimvika gunia bichi kichwani, tukatoka kwenda kula, tukamsahau."

Fundo la mwisho lilipolegea, harufu ikakatika. Binti akaita, "Baba," kwa sauti yake mwenyewe, machozi yakamtoka.

Lakini mzee alipotaka kuinuka, mikono yake ilirudi nyuma yenyewe, viganja vikagandana mgongoni. Tabibu alivuta, binti akavuta, wapi.

Imebaki vivyo hivyo. Binti humlisha kwa kijiko, humwogesha, humfunga vifungo vya shati lililochanwa mikono. Juzi tabibu alipita kumjulia hali, akauliza kama ajaribu tena kumfungua.

Binti aliitazama ile mikono ya baba.

"Acha kwanza," alisema, akarudi jikoni kukoroga uji.