Chetezo Kilichotoka Mapema

Mishari hakuwa na gari la kuegesha mahali watu walione. Hakuwa na mjomba wizarani, hakuwa na saa nzito mkononi, hakuwa na picha za Ulaya katika simu yake, wala hakuwa na tumbo la matajiri. Hakuwa na subira na wajinga, na Soko la Mubarakiya hapa Kuwait hupokea wajinga wengi kila jioni. Alikuwa na duka la udi aliloachiwa na marehemu babake, lisilozidi sana upana wa mlango wake, na alikuwa na pua. Kwa pua hiyo aliwadharau karibu watu wote.

Jioni moja ya Alhamisi soko lilifurika. Msongamano ulimsukuma msichana mmoja mpaka ndani ya duka. Baibui lake halikuwa na hata uzi wa pambo, lakini lilimkaa vizuri kuliko yote yaliyopita siku ile. Aliiweka sawa shela yake, akazitazama rafu kama mtu aliyeonyeshwa jiko chafu.

"Huu ni udi au ni kuni?"

"Inategemea anayenunua," Mishari alijibu bila kuinuka. "Wenye mifuko ya yale maduka makubwa ya viyoyozi hawajui tofauti."

Msichana alitazama mkono wake. Mfuko ulikuwapo, wa kung'aa, wenye jina la Kifaransa.

"Viatu vya shangazi yangu."

"Mpe pole shangazi."

Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Mishari aliweka kipande juu ya kaa la moto. Msichana alifumba macho, akavuta moshi, akakunja uso.

"Huu umepakwa mafuta. Mti wenyewe hauna kitu."

"Nilikuwa nakujaribu."

"Na mimi nilikuwa nakuonea huruma."

Tangu babake afe, hakuna mteja aliyewahi kumkamata hivyo. Mishari aliinuka, akamtafutia kiti.

Aliitwa Sabika, binti wa Bu Talal mwenye majumba ya kupangisha. Mapenzi yao yalikuwa ya simu na kejeli.

"Uko wapi, muuza kuni wangu?"

"Nipo, bibi mkubwa. Leo mtu ameniomba udi usiotoa moshi."

"Ungempa sabuni. Mpenzi, utakuja lini kwa baba?"

"Baba yako ananidharau."

"Baba anamdharau kila mtu, roho yangu. Usijione wa pekee."

Kabla ya kwenda kuposa, Mishari alifungua kisanduku cha babake, akamtolea Sabika kipande cha udi ambacho mzee hakuwahi kukubali kukiuza kwa bei yoyote. "Usikichome ovyo," alimwambia. "Kiweke siku ya maana."

Siku ya posa alikwenda na ami yake. Bu Talal alikuwa barazani, kanzu nyeupe imenyooshwa kama karatasi, wanaume wa mtaa wamemzunguka. Aliwatazama wageni viatu kabla ya nyuso.

"Kwa hiyo unauza moshi," alisema. "Na binti yangu atakula nini? Moshi?"

Wale wanaume wakacheka, kila mmoja akihakikisha mwenye nyumba amemwona akicheka. Ami alikuwa bado na kikombe cha kahawa mkononi. Kilikuwa cha kwanza tu. Hapo pazia la ndani lilifunguka, mtumishi akaja na chetezo kinafuka, moja kwa moja mpaka kwa Mishari.

Kwa desturi ya Kuwait, chetezo huletwa mwisho, kuwaaga wageni. Chetezo kikishapita, mgeni hutafuta viatu vyake. Lakini kuletwa kabla ya kikombe cha pili? Hata mdai hafukuzwi hivyo. Mishari alivuta moshi akaujua: udi wa babake. Basi ni Sabika mwenyewe.

"Asanteni kwa kahawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetema mate. Akamshika ami mkono, wakatoka.

Simu ya Mishari ililia: ni Sabika. Aliitupa katika droo pamoja na mizani, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Wateja waliokuja wiki ile walijuta.

Ijumaa Sabika aliingia dukani, shela imekaa upande kwa hasira.

"Mishari, pua umeiacha wapi?"

"Nimeitumia ya kutosha. Umenifukuza kwa udi wa baba yangu."

"Nikufukuze kwa udi ule? Wa kufukuzia uko jikoni, gunia zima, ule anaopenda shangazi! Nilikuwa nyuma ya pazia. Baba alikuwa ameshavuta pumzi aseme hapana. Namjua. Akilisema neno hilo mbele ya wanaume wa mtaa, halirudi mpaka anazikwa. Nilikuwa na njia moja tu ya kulivunja lile baraza, na nikakuchomea udi ambao wewe peke yako ungeujua, ujue kwamba sikufukuzi. Ukaujua, ukaondoka umevimba kama chura!"

Mishari aliifungua droo, akaitoa ile simu.

"Mimi ni mpumbavu," alisema.

"Sana, kipenzi. Sasa sikiliza. Baba halali usiku. Mtaa mzima unasema nyumba ya Bu Talal hufukuza wageni kahawa ikiwa mdomoni. Aibu hiyo haifutiki mpaka mrudi mketi mnywe. Na akishawakaribisha tena, atawaambia hapana kwa uso gani? Mwandikie. Ujumbe wa simu hausomi, anasema ni wa wauza mazulia."

Mishari alichukua kalamu. Sabika alisoma juu ya bega lake.

"'Ijapokuwa ulitutukana.' Futa. Unaposa au unashitaki?"

Alianza upya. Kila alipoandika "mheshimiwa" meno yalimuuma, maana alikuwa bado anamwona yule mzee akitazama viatu vya ami. Lakini aliandika: "Siku ile tuliondoka mapema kwa udhuru wetu sisi. Kosa si la nyumba yako. Kahawa yako hatukuishiba, na tunaomba ruhusa tuje tuimalize."

"Uongo mtupu," alisema Mishari.

"Mtamu lakini," alisema Sabika. Akaikunja karatasi, akaipitisha juu ya chetezo, akaitia ndani ya bahasha.

Mishari alilamba gundi kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, akaifunga, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kisha alikwenda mpaka kwenye sanduku la posta, akaisukuma tunduni, akasimama mpaka alipoisikia ikianguka.