Rambirambi kwa Drocella Aliye Hai

"Poleni sana kwa kifo cha Mademoiselle Drocella. Ijumaa nafasi yake tutampa mwingine. Profesa Edmond."

Drocella aliusoma ujumbe huo mara tatu, amesimama juani kwenye kilima cha Kashuga, mahali pekee simu iliposhika réseau.

Kabla vita haijamfukuza kutoka Kibabi, alikuwa mwalimu wa fizikia. Kambini alikata kipande cha bâche, turubai la hema, akakikunja na kukikunjua mpaka akapata njia ya kuingiza ndani ya roketi kiwambo chenye umbo la ua, kipana kuliko kanisa, kisha kifunguke angani bila kukwama. Kiwambo hicho kingeruka mbali mbele ya darubini, kizibe mwanga wa nyota, ili sayari iliyo kando yake ionekane. Picha za mikunjo hiyo zilimfikia Profesa Edmond, Ubelgiji, akaahidi kumpigia kuhusu nafasi ya kufanya kazi naye huko. Wiki tano Drocella hakutulia. Kila asubuhi, yeye akifundisha watoto, mchumba wake Athanase alipanda na simu kungoja. Leo alishindwa kuvumilia, akapanda mwenyewe.

Alishuka mbio, akampa Athanase asome. Athanase akaketi chini.

— Njo mimi nilimudanganya, alisema. Alipiga Jumatatu. Nikamuambia ulikufa mu vita.

— Juu ya nini?

— Vita ilinikamatia mama na bakaka wawili. Niliona ukienda, hautarudia.

— Ukanizika niko muzima, Athanase.

Akamwamuru wapande pamoja. Athanase alipiga mwenyewe, akakiri kwamba alidanganya. Profesa akaomba kusikia sauti ya Drocella. Drocella alitaja jina lake, akamweleza mikunjo inaanzia wapi. Nafasi ikabaki yake.

Siku ya safari, pikipiki ikinguruma, mama yake Drocella akilia mlangoni mwa hema, Athanase alisogea.

— Harusi yetu iko ao haiko?

— Sijue bado. Nitakupigia. Lakini jibu langu, usilitoe tena weye.

Alipiga baada ya miezi miwili. Athanase alikuwa kilimani, kama kila siku.

— Nimekusamehe, alisema Drocella, na hiyo ni ya kweli. Lakini usiningojee. Kila simu ikilia, ningejiuliza umebaambia nini bantu.

Athanase alimwambia amesikia. Alishuka taratibu, akaenda moja kwa moja kwa mama yake Drocella, akamweleza yote, neno kwa neno, bila kupunguza.