Saba Kamili kwa Siku Tisa

Waliokufa walikuwa mabilioni, wote ndani ya tangi moja la zege, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kwa macho.

"Nimeitwa kwa kesi ya wadudu?" Inspekta aliuliza, leso puani.

"Bakteria, afande," alisema meneja wa mtambo wa majitaka. "Ndio wanaosafisha uchafu wa mji mzima. Tangi hili wamekufa wote."

Tope jeusi lilikuwa limelala chini, na harufu ilikata pumzi. Pembeni mwa tangi askari mmoja aliokota chupa yenye lebo ya maabara. Meneja alishamaliza upelelezi wake mwenyewe. Mapipa mawili ya asidi hayakuwepo stoo, na wiki iliyopita fundi wa zamu, Mama Chokaa, aligombana naye kuhusu uhamisho. Kwake hiyo ilitosha. Askari wa kituo walikuwa wameshamtia mama mahabusu.

Inspekta alimkuta ameketi wima kwenye benchi, mikono imekauka kwa chokaa ya miaka thelathini.

"Mapipa yalikwenda wapi?"

"Nilizibulia mabomba ya tangi la kwanza."

"Uliandika kwenye daftari?"

"Hapana. Maji yalikuwa yanafurika, afande. Nilikimbilia mabomba, si kalamu."

"Una hasira na meneja."

"Sana tu. Lakini bakteria walinikosea nini?"

Inspekta alitaka kucheka, akajikaza. "Unajua hii ni jela?"

"Najua. Nimebakiza miaka miwili nistaafu." "Wanangu wote wamesomeshwa na tangi lile. Nitalimwagiaje asidi?"

Ushahidi ulikuwa dhidi yake, na Inspekta hakupenda jinsi ulivyomtosha vizuri hivyo. Alirudi mtamboni akaenda moja kwa moja maabara, kwa mtaalamu waliyemwita Daktari, mtu mpole mwenye koti jeupe lililotoboka mfukoni.

"Nionyeshe marehemu walifananaje," alisema.

Daktari aliweka tone la maji ya tangi la kwanza, ambalo bado lilikuwa hai, chini ya hadubini. Inspekta akainama, akasahau kuinuka. Ndani ya tone moja kulikuwa na mji mzima: vifundo vya bakteria vimeshikana, vijidudu vyenye nywele vikizunguka, kimoja kimejishikiza kwa kikonyo kikifungua na kufumba mdomo. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini hakuwahi kuona uhai mwingi kiasi hiki mahali padogo hivi. Aliona haya kwa mzaha wake wa asubuhi.

"Wanafanya kazi hivi muda wote?"

"Hawalali," Daktari alisema kwa upole, kama mtu anayesifia wanawe. "Shida yao ni uasidi tu. Tunaupima kwa pH. Saba ni sawasawa. Ikishuka, maji yanachachuka. Na maji ya kiwanda cha juisi huingia yamechachuka kila siku. Kipimo kikiona chini ya saba, pampu yenyewe inamwaga chokaa kuipandisha."

Kwenye kompyuta alikuwa na modeli, hesabu za kutabiri bakteria watafanyaje pH ikipanda au kushuka. Alikuwa ameijenga kwa miaka kumi na mmoja.

"Iambie mtu amemwaga mapipa mawili ya asidi," Inspekta alisema.

Daktari aliingiza namba. Mstari ulianguka wima.

"Saa moja tu, wameisha," alisema.

"Sasa nipe mstari wa kweli, wa tangi lililokufa."

Vidole vya Daktari vilisita, kisha vikabonyeza. Huu uliteremka taratibu, siku tisa, ukilala kidogo kidogo.

"Basi si mapipa," Inspekta alisema. "Takwimu hizi nani alipima?"

"Mimi. Kila asubuhi."

"Siku tisa unaona wanakufa. Ulimwambia nani?"

Inspekta alifungua daftari la kipimo cha tangi.

"Na hiki kipimo cha pampu, siku zote tisa, kinasema saba kamili. Maji yenye uhai mwingi hivi yanatuliaje bila kutikisika hata mara moja? Kijiti cha kipimo hakikuwa ndani ya tangi, Daktari. Kilikuwa ndani ya chupa ya maji ya kusawazishia vipimo, yale ya pH saba. Pampu ikadhani kila kitu shwari, isimwage chokaa. Chupa tumeiokota pembeni mwa tangi. Tuipeleke ikapimwe alama za vidole?"

"Hakuna haja." Daktari alivua miwani. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Chini ya sita modeli yangu ilikuwa inakisia tu. Hakuna mtambo ambao ungekubali kushushwa hapo. Nilitaka kuona. Modeli ilisema nikiishia hapo na kumwaga chokaa kwa mkono, watarudi kwa siku mbili."

"Hawakurudi."

"Hawakurudi. Nikaacha iendelee kushuka, nijue mwisho." Macho yalimjaa machozi. "Hawakufa pamoja, afande. Wanaokula amonia walitangulia. Wengine walijifunga magamba wakasubiri. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na sikuwa na wa kumwambia."

Inspekta aliamini kila neno, na hilo ndilo lililomtisha.

Jioni Mama Chokaa alifunguliwa. Alimkuta Daktari mlangoni mwa kituo akiingizwa akiwa na pingu. Hakumtukana.

"Nimesikia kompyuta yako inajua kila kinachotokea pH ikishuka."

"Karibu kila kitu, mama."

"Mimi uliniweka wapi humo?"

Daktari alitazama viatu vyake.

"Sikukuweka," alisema.