Kiko cha Waridi

Kifurushi kilishushwa kwenye basi la kutoka Moshi saa sita na nusu mchana, na kabla Husna hajasoma jina lililoandikwa juu yake, ofisi nzima ya mizigo ilikuwa imeshanukia. Stendi ya Same saa hizo haina mzaha. Mabasi ya Dar na ya Arusha yalikuwa yamekutana, abiria wamemwagika kutafuta chipsi na vyoo, wapiga debe wanavutana mikoba, na vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Humo humo, juu ya moshi wa dizeli na mafuta ya kukaangia kuku, likapanda waridi.

Ummy, mwenzake wa kaunta, aliuliza nani amemwaga marashi. Husna aliliinamia lile boksi, akafumba macho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye ngozi nyeusi ya kung'aa, na siku hiyo alivaa dera la zambarau na mtandio wa rangi ya haradali alioufunga kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini. Alipofumbua macho, mwenye mzigo alikuwa amesimama mbele yake, penseli nyuma ya sikio, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kaka, humu kuna nini?"

"Tumbaku. Ya kiko."

"Tumbaku gani inanukia kama bibi harusi?"

Yunus Mbwambo alicheka. Alikuwa fundi seremala, mzaliwa wa kijiji cha Kileo, mwenye karakana ng'ambo ya barabara kuu. Alimweleza kwamba wanaotengeneza tumbaku ile huitia mafuta ya waridi, akafungua kopo palepale kaunta ili aisikie vizuri. Husna alinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa karani wa mizigo. Yunus, ambaye kwa miaka sita ya kuvuta kiko hakuwahi kuona mwanamke akiisogelea tumbaku yake, aliondoka na boksi kwapani bila kuchukua risiti. Ikabidi arudi jioni kuifuata. Kesho yake akarudi tena, na safari hiyo hakuwa na sababu yoyote.

Vitanda na makabati ndiyo yaliyomlisha, lakini alichokipenda Yunus ni kuchonga viko. Alivichonga kwa mti wa mzeituni mwitu, na duka moja la Moshi likamuuzia kwa wageni. Mwenye duka ndiye aliyekuwa akimletea tumbaku za kujaribia, hasa zile zenye harufu kali ambazo wengine wanazikimbia. Kwenye rafu juu ya meza yake ya kazi viko sita vilikuwa vimepangwa, na kila kimoja kilikuwa na tumbaku yake. Cha vanila hakikutiwa karafuu, wala cha karafuu hakikutiwa asali. Alijifunza kwa hasara. Mara moja alivuta tumbaku ya karafuu kwenye kiko alichokipenda kuliko vyote, na tangu hapo kila alichotia humo kilitoka karafuu. Alikisafisha, akakisugua kwa chumvi, akakianika juani wiki nzima, wapi.

Husna alianza kupita karakana kila Jumamosi baada ya mabasi ya mchana kuondoka. Hakuvuta. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akavua viatu, akawa hakimu. Yunus akiwasha, yeye husema. Ya karafuu ilimkumbusha daktari wa meno. Ya vanila aliiita keki ya harusi ya watu wasiopendana. Ya anisi alisema ni dawa ya kikohozi iliyovaa suti, na Yunus akacheka mpaka moto ukamzimikia.

"Na ya waridi?" aliuliza siku moja.

"Hiyo usiniulize. Hiyo washa tu, fundi wangu."

Akachonga kiko kipya kwa ajili ya waridi peke yake, kidogo, chenye tumbo la mviringo, akakipaka nta kwa kidole. Akawa hakiwashi mpaka Husna awepo. Wakati mwingine alimpigia simu saa za kazi kumwambia kiko kinamuulizia, naye Husna alijibu kwa sauti ya kikarani kwamba mzigo wake umepokelewa na utashughulikiwa Jumamosi. Ummy alikuwa akisikia yote. Alikwisha kuanza kumwita Yunus shemeji. Miezi mitano ilipita hivyo. Yunus alijua Husna aliwahi kuolewa miaka minne na mtu mwenye malori, wakaachana. Hakuuliza zaidi, na Husna hakusema zaidi.

Jumatano moja Yunus alimpelekea chakula cha mchana, makande aliyoyapika mwenyewe, kwenye hotipoti iliyofungwa kanga. Mlangoni pa ofisi ya mizigo akaisikia. Waridi. Alidhani ni kifurushi chake kimewahi. Kisha akamwona mwanamume aliyeegemea kaunta kutokea nje, shati jeupe lililopigwa pasi, saa kubwa mkononi, kiko mdomoni. Alikuwa akieleza jambo, na Husna alikuwa akicheka.

Husna alimwona Yunus, akamkaribisha bila kubabaika. Alimwambia huyu ni Jabiri, aliyekuwa mume wake, anayesafirisha jasi ya machimbo ya Makanya kwenda Arusha. Jabiri alitoa kiko mdomoni, akampa mkono, akasema amefurahi kumfahamu. Yunus aliweka hotipoti kaunta, akasema ana kazi ya watu inamsubiri, akatoka. Alivuka barabara kuu bila kutazama, dereva wa basi akampigia honi ndefu. Harufu aliyoiona kuwa yake na Husna ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mwanamume mwingine, tena ilitoka huko kabla yake.

Hakusema neno. Kusema kungekuwa afadhali. Alikisogeza kiko cha waridi nyuma kabisa ya rafu, akaagiza tumbaku nyingine Moshi: ya kahawa, ya iliki, ya machungwa. Kwa kila moja akachonga kiko, akilala saa chache na kuchelewesha vitanda vya watu. Jumamosi aliviwasha kimoja baada ya kingine na kumtazama Husna usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Husna alisema ya kahawa ni nzuri. Ya iliki pia ni nzuri sana, kwa kweli.

"Ile ya waridi imekwisha?" akauliza.

Jumamosi iliyofuata akauliza tena, na kila alipouliza Yunus alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu. Akaanza kuuliza na yeye. Simu yako ilikuwa inatumika, ulikuwa unaongea na nani. Leo umevaa gauni jipya, kuna nani stendi. Malori ya Makanya huwa yanapita saa ngapi. Mwanzoni Husna alijibu kwa utani, kisha kwa kifupi, kisha akawa anamtazama tu. Yunus alikuwa akipita mbele ya ofisi ya mizigo mara tatu kwa siku, akinunua vocha asizozihitaji.

Jumamosi ya mwisho Husna alikuja na shati alilomshonea kwa kitenge cha kijani. Kabla hajalitoa kwenye mfuko, Yunus alimuuliza kama tumbaku ya Jabiri ilikuwa ya waridi tangu zamani. Husna akasema ndiyo.

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza hukuniona mimi. Ulimnusa yeye."

"Yunus, usianze."

"Miezi mitano unakuja hapa, unavua viatu, unafumba macho. Mimi ndiye ninayewasha, yeye ndiye unayekaa naye."

Husna alisimama. Alisema ana la kumjibu, lakini hajibu mtu anayemhoji kama mwizi. Yunus alinyoosha mkono nyuma ya rafu, akakitoa kile kiko kidogo chenye tumbo la mviringo, akakitupa kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Husna alitazama kinavyoshika moto. Akavaa viatu vyake, akaacha mfuko wa shati kwenye benchi, akaondoka.

Kiko kiliungua taratibu, na karakana ikanukia waridi siku tatu. Wateja waliokuja kuuliza makabati walimsifu kwa marashi. Yunus alilala huko huko kwenye harufu hiyo na kuivuta pumzi kwa pumzi, kwani hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Alimpigia Husna, simu ikaita bila kupokelewa. Siku ya nne ikawa haiiti kabisa. Alipokwenda ofisini, Ummy alimwambia amechukua likizo.

"Amekwenda wapi?"

"Shemeji, ameniambia nisiseme. Ila sijui kama unastahili hata kuuliza."

Alipokuwa akitoka, lori lililobeba jasi lilipita barabarani likielekea Arusha, na ubavuni limeandikwa jina la Jabiri na namba ya simu kwa rangi nyekundu. Yunus alisimama akilitazama mpaka likapotea, naye alikwisha kuikariri namba. Alikaa nusu saa kwenye benchi la stendi akijiona mjinga. Kisha akapiga.

Jabiri alimkumbuka mara moja, yule fundi wa hotipoti. Yunus alimuuliza bila salamu ndefu kama Husna yuko kwake. Jabiri akacheka kidogo, bila kebehi. Akasema yeye anaoa mwezi ujao, binti wa Pangani. Siku ile pale kaunta alikuwa amekwenda kumwambia Husna habari hiyo mwenyewe asije akaisikia kwa watu, na kumtaka radhi kwa mambo aliyomfanyia. Husna alicheka alipoambiwa kwamba huyo mchumba ni mkali kuliko hata Jabiri mwenyewe.

"Sasa kwa nini ulidhani yuko kwangu?"

Yunus akamwambia yote: kifurushi, macho yaliyofumbwa, Jumamosi za waridi. Alipomaliza alisikia tu mngurumo wa magari upande wa pili.

"Alikuambia anaipenda hiyo harufu?" Jabiri aliuliza hatimaye.

"Aliinamia boksi mbele ya watu. Alikuwa ananiomba niiwashe."

"Mimi niliishi naye miaka minne. Nikivuta alikuwa anakuja na kigoda, anakaa pembeni. Nilidhani ananifuata mimi. Hakuniambia hata mara moja." Akakohoa. "Mtafute kwa mama yake, kule Vudee milimani. Na usimwambie ni mimi niliyekuelekeza."

Asubuhi yake Yunus alivaa shati la kijani, akakodi bodaboda. Barabara ilipanda kona baada ya kona, joto la Same likabaki chini na mkonge wake, ukungu ukaanza, kisha migomba. Nyumba ya Bi Mwamvita, mama yake Husna, ilikuwa juu ya mfereji, yenye uwanja uliofagiliwa. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na lundo la maharage makavu yaliyopigwa jana, akitenga punje na maganda yaliyobaki. Yunus alimwamkia shikamoo, akajitaja jina na ukoo. Bi Mwamvita aliitikia marahaba, akamtazama shati kwa muda, akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

Husna alikuwa akianika nguo, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Hakushtuka. Yunus alimwambia alikosa, kwamba alichoma kitu alichokichonga kwa ajili yake kwa kumwonea wivu mtu ambaye hata hayupo. Husna aliendelea kubana nguo mpaka beseni likaisha.

"Unataka kujua ile harufu ni nini?" alisema. "Jabiri alikuwa na mdomo. Akirudi kazini, maneno yanaanza getini. Nimekwenda wapi, nimeongea na nani, kwa nini nimevaa hivi. Akishakula anakaa barazani na kiko, ananyamaza. Nusu saa tu. Nilikuwa natoka na kigoda changu nakaa pale, najua nusu saa hii hakuna atakayenihoji. Nyumba nzima inanukia waridi na mimi napumzika. Siku ile ofisini sikumkumbuka yeye. Nilikumbuka kupumzika."

Akakung'uta maji mikononi.

"Nikaja kwako nikapumzika miezi mitano. Halafu na wewe ukaanza, maneno yaleyale, kama mmeambiana. Nikaona nimerudi getini."

"Sitakuhoji tena."

"Utaacha wivu?"

Alifikiri kusema ndiyo. Alitazama chini bondeni, akaona ni afadhali aseme kweli.

"Sitauacha leo. Hata sasa ninao. Lakini nataka kukuoa, Husna, na nikiwa nao nitakuambia kwamba ninao, basi. Sitakuuliza kitu na sitachoma kitu."

Husna alimtazama, tabasamu likitafuta njia. Akasema hilo la kuoa huambiwa wazee, si mwanamke mwenye beseni la nguo. Akaongeza kwamba shati limemkaa vizuri, mabega tu yamembana kidogo.

Simu ya Husna ikaita pindoni mwa kanga. Aliitoa, akasoma jina, akamgeuzia Yunus kioo aone. Jabiri. Bila shaka alitaka kujua lile aliloanzisha limeishia wapi. Yunus aliusikia moto uleule chini ya mbavu, uleule kabisa, haukupungua hata chembe.

"Ninao," alisema.

"Naona."

"Pokea. Mimi namsaidia mama."

Akazunguka mbele ya nyumba, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye mkeka. Bi Mwamvita akamsogezea ungo bila kuuliza. Nyuma ya nyumba Husna aliongea kwa sauti ya chini, akanyamaza, kisha akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni. Yunus hakuinua kichwa. Aliendelea kutenga, haraka haraka, masikio yamemsimama.

Bi Mwamvita aliuchungulia ungo. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kiganja.

"Mkwe," alisema kwa upole, "punje unazitupa kwenye maganda."