Taa ya Kijani Duarani

Kila asubuhi Theopista alichota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akamsaidia shangazi yake Generosa kupanga meza ya kutengenezea simu barazani. Waliishi pembezoni mwa mji wa Geita. Baba yake, Mzee Stanslaus, aliongoza kikundi cha wachimbaji wadogo katika shimo ambalo wenyewe huliita duara. Kabla mtu hajashuka humo, waliteremsha mshumaa uliowashwa kwa kamba. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, hakuna anayeshuka.

Jumamosi moja Theopista aliamka akakuta baba yake amekwisha kuondoka.

"Shikamoo, shangazi. Baba amekwenda na kifaa changu?"

"Marahaba. Amekwenda nacho kwa mbwembwe. Anasema mshumaa sasa umestaafu, kwa kuwa binti yake ni injinia."

Theopista akaangua kilio. Kifaa hicho, kiboksi chenye kompyuta ndogo na taa mbili, kilikuwa kimeshinda katika maonyesho ya sayansi ya shule. Taa ya kijani ilimaanisha hewa njema, nyekundu hewa mbaya.

"Shangazi, hakipimi kitu! Sehemu ya kunusa hewa iliungua siku moja kabla ya maonyesho. Nikaandika programu ili kijani iwake wakati wote. Nyekundu nilikuwa naiwasha mwenyewe kwa swichi niliyoficha chini ya boksi."

Generosa hakumpiga wala hakumfokea. Alimpigia simu kaka yake Stanslaus, haikupatikana. Akaita bodaboda, wakaondoka bila hata kunywa uji.

Duarani walimkuta mchimbaji aitwaye Ngassa amekwisha kufungwa kamba kiunoni. Kiboksi kilikuwa kimeteremshwa kwa kamba nyingine, na kule gizani taa yake ya kijani ilionekana waziwazi.

"Injinia huyo! Amekuja kukagua kazi," Ngassa alitania. "Ng'wanawane, mwanangu, nikipata dhahabu leo nakununulia sare mpya."

Wanaume wakacheka. Theopista alitazama chini. Generosa akamwambia kwa sauti kavu, "Sema mwenyewe. Mimi sisemi kwa niaba yako."

"Usishuke, baba mdogo," alisema Theopista. "Kifaa ni cha uongo. Hakijui hewa. Nilidanganya."

Kicheko kilikatika. Mzee Stanslaus, bila kumtazama bintiye, aliomba mshumaa. Wakauwasha na kuuteremsha. Kabla haujafika chini, ukazimika. Kando yake taa ya kijani iliendelea kuwaka.

Ngassa alifungua kamba kiunoni. Mzee Stanslaus alivuta kiboksi, akamkabidhi Theopista mikononi, akasema neno moja tu: "Nyumbani."

Siku ile hakumsemesha tena. Jumatatu Theopista aliungama mbele ya Mwalimu Ignas, mlezi wa klabu ya sayansi. Mwalimu alimnyang'anya ushindi na kumwondoa katika klabu. Wakati wa kurudi nyumbani Ngassa alimpita njiani na wenzake, akapaza sauti, "Kijani! Kijani hiyo!" Wote wakaangua kicheko.

Theopista alifika barazani macho mekundu. "Shangazi, nimesema kweli, na bado nimepoteza kila kitu."

Generosa aliweka bisibisi mezani.

"Keti. Babu yako aliuza ng'ombe ili nisome uhandisi. Chuoni tulikuwa wasichana wachache, na kompyuta tulizitumia kwa zamu. Nilijifunza kuandika programu huku wenzangu wakinisubiri ninyanyuke. Nilipoajiriwa, nilipewa kazi ya programu ya kuangalia pampu za maji katika mgodi mmoja. Tulipoijaribu, pampu moja ilisimama, programu ikasema inafanya kazi. Nikaomba muda nirekebishe. Mkubwa wangu akasema wageni wanakuja, nifanye tu kioo kionyeshe kwamba mambo ni shwari. Nikakataa."

"Wakakusikiliza?"

"Mwenzangu niliyesoma naye alikubali kufanya hivyo. Mimi mkataba wangu haukuongezwa, na nilikoomba kazi baadaye niliambiwa kwamba mimi ni mkaidi. Kisha pampu zikasimama kweli, maji yakajaa, na mtu wa zamu akapoteza mguu. Wakaiita bahati mbaya. Mwenzangu sasa ana ofisi kubwa. Mimi nabadilisha vioo vya simu za watu."

Theopista alifuta macho. "Kwa hiyo kusema kweli hakukukusaidia."

"Hakukunisaidia, na sitakudanganya kwamba kutakusaidia wewe. Uchungu huo ninao mpaka leo. Lakini elewa jambo moja. Mtu anayeshuka shimoni hawezi kusoma programu yako. Hana njia ya kuikagua. Ana jina lako tu la kuamini. Aliyesoma akimdanganya asiyesoma, anamdanganya mtu asiye na namna ya kujikinga. Ndiyo maana tunasema kweli hata pale isipotulipa. Kazi ambayo haijakamilika, sema haijakamilika, hata kama ukumbi mzima unasubiri kukupigia makofi."

"Na Ngassa je? Atanicheka mpaka lini?"

"Pengine mwaka mzima," alijibu Generosa, akirudi kwenye kazi yake. "Mwache acheke. Maiti hawacheki."