Miwa ya Baba Hafsa

Kila asubuhi Zuena alichota maji, akafagia uwanja, kisha akashuka bondeni kutazama miwa. Hakuikata. Hakumpa mtu hata pingili moja. Watu wa kijiji chao cha Bungu walimtania kwamba anafuga miwa kama wenzake wanavyofuga mbuzi.

Miwa ile ilipandwa na mumewe, Badru, baba wa binti yao Hafsa. Badru alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya shirika la sukari la serikali, mbali na nyumbani. Mara ya mwisho alipokuja likizo alileta mbegu ya miwa, akaipanda, akasema, "Nikirudi tutaikata pamoja."

Tangu hapo masika yalikuja na kupita. Wasafiri walioshuka barabarani walisema serikali inauza mashirika yake, na wafanyakazi wanapunguzwa. Habari za Badru hakuna aliyekuwa nazo. Zuena alimkumbuka mumewe mpaka chakula kikawa hakishuki.

Mwaka huo miwa ilikonda. Ikatoa mikia mirefu, myeusi, yenye vumbi kama masizi ya sufuria. Zuena aliivunja mikia ile kwa mkono, akaikung'uta, akaitupa. Baadaye jirani yake, Mwamvua, akaja kulalamika. Miwa yake nayo ilikuwa imeota mikia. Wakaenda kumwita bibi shamba, Mwanaharusi.

Mwanaharusi aliitazama miwa, akawaeleza kwamba ule ni ugonjwa. Masizi yale ndiyo yanayoueneza, na upepo huyabeba. Anayekung'uta mkia anawagawia majirani ugonjwa. Tena muwa ukishaugua hauponi.

"Funikeni mkia kwa mfuko kabla ya kuukata," alisema. "Kisha ng'oeni shina zima na mizizi yake, mchome hapahapa."

"Mwanangu, mimi siwezi," Zuena alisema. "Hii kaipanda Baba Hafsa. Akirudi akute nini?"

Mwanaharusi hakumcheka. "Mama, ukiiacha hatakuta hii wala ya jirani. Ing'oe, akirudi akute miwa mizima."

Zuena aliing'oa. Siku ya kuichoma alilia, na si kwa sababu ya moshi.

Mwanaharusi aliwaletea mbegu safi kutoka shamba la mbegu. Aliwaonyesha kukata vipande vyenye macho matatu, kwa panga lililopitishwa motoni ili lisibebe ugonjwa. Walipanda mahali pengine, na pale pa zamani wakapanda kunde. Kila wiki Zuena na Mwamvua walikagua miwa yao. Shina likianza kutoa mkia, walilifunika na kuling'oa bila kungoja. Miwa ikanenepa.

Alasiri moja Badru alishuka kwenye basi, mkononi ana begi moja tu. Shirika lilikuwa limempunguza kazini. Alisalimia watu, akashuka bondeni moja kwa moja, akajikuta amesimama katikati ya kunde.

"Miwa yangu iko wapi, Mama Hafsa?"

Zuena alimweleza yote. Kisha akampeleka kwenye miwa mipya, akampa panga. Badru aliyekata miwa ya shirika miaka yote hiyo alisita.

"Hii siyo niliyopanda mimi," alisema.

"Siyo. Yako niliichoma, na niliilia. Lakini ulisema tutakata pamoja."

Badru aliinama, akakata muwa mmoja chini kabisa, kama alivyozoea kazini. Akaumenya, akauvunja vipande viwili. Zuena akatafuna muwa kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke.